Utaanza na nini? Kwa anayejiandaa na usaili wa Afisa Ustawi wa Jamii

Swali: Shikamoo mama. Nina shahada ya ustawi wa jamii, nilimaliza 2022. Naishi Urambo, nakaa kwenye duka la dada yangu, na siku tatu kwa wiki najitolea shule ya msingi ya jirani kuwasaidia walimu kufuatilia watoto watoro. Nimeomba nafasi ya Afisa Ustawi wa Jamii Daraja la II, tangazo limefungwa, nasubiri kuitwa kwenye mchujo wa kuandika. Kuna kitabu cha maswali nilichopakua mtandaoni, cha mtihani wa wafanyakazi wa ustawi wa shule wa Marekani, kurasa mia nne, nimefika katikati. Nimekariri mengi, lakini nikijipima napata nusu tu. Niendelee nacho? Na je, hapa kwetu kazi ya ustawi shuleni ipo kweli? Hiyo ndiyo niipendayo.

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera kwa hizo siku tatu za kujitolea. Nitazirudia huko mbele, maana zina thamani kuliko kitabu chako.

Nianze na la mwisho, kwa kuwa ndilo litakalokuonyesha usome nini. Kwetu hakuna mtihani wa cheti cha afisa ustawi wa shule peke yake. Serikalini unaajiriwa kama Afisa Ustawi wa Jamii kupitia Sekretarieti ya Ajira, unapangiwa halmashauri, na halmashauri ikikupeleka kata, basi shule za kata hiyo zote ni zako. Ni zako pamoja na wazee wasio na wa kuwatunza, watu wenye ulemavu, wazazi wanaogombania matunzo ya watoto, na kijana wa miaka kumi na tano aliyelala mahabusu kwa kuiba baiskeli. Ndani ya shule yenyewe utamkuta mwalimu wa malezi na unasihi, matroni au patroni, na siku hizi Dawati la Ulinzi na Usalama wa Mtoto. Hao ndio watakaokupigia simu. Shule binafsi chache, hasa za bweni, huajiri mtu wa ustawi akakaa palepale, lakini ukisubiri hizo utakaa dukani kwa dada yako mpaka mvi ziote. Mlango wako ni huu ulioubishia hodi.

Sasa kitabu. Wamarekani wana safari yao ndefu katika jambo hili. Kazi ya ustawi shuleni huko ilianza mwaka wa shule wa 1906/1907 katika miji ya New York, Boston na Hartford, kwa watu walioitwa walimu watembeleaji, waliokuwa wakitoka shule kwenda majumbani kujua mtoto anakwama wapi. Leo kila jimbo lina masharti yake, na wengi hupitia pia mitihani ya leseni ya ASWB, ambayo ni jumuiya ya bodi zinazosimamia taaluma hii. Mtihani huo kwa miaka mingi umekuwa wa maswali 170 ya kuchagua, kwa saa nne. Yanayohesabiwa ni 150. Hayo 20 yaliyobaki yanafanyiwa majaribio tu, na mtahiniwa hajui ni yapi.

Kwa hiyo humo ndani utakuta kurasa na kurasa juu ya sheria yao ya 1974 inayolinda kumbukumbu za mwanafunzi, na mpango binafsi wa elimu kwa mtoto mwenye ulemavu uliotokana na sheria yao ya 1975. Ni mambo mazuri, na ukipata nafasi ya kusoma huko utayahitaji. Tabora hakuna atakayekuuliza. Sehemu zote za sheria za kwao ziruke, tena leo, usizionee huruma.

Ila usikitupe chote. Tazama maswali yake yanavyoulizwa: mfanyakazi afanye nini KWANZA? Kinachofuata ni kipi? Kipi kilicho BORA ZAIDI? Mara nyingi majibu yote manne ni mambo sahihi ambayo afisa mzuri atayafanya siku moja au nyingine. Kinachopimwa ni mpangilio wake. Ndiyo maana unapata nusu. Nimesahihisha majibu ya vijana wengi waliokuja nyumbani kwangu kujipima kabla ya usaili, na kosa ni lilelile: wanajua mambo, lakini wanarukia la nne kabla ya la kwanza. Umekariri majina ya hatua, hujazitembea.

Mimi mwenyewe lilinikuta. Niliposailiwa kwa mara ya kwanza, jopo lilikuwa la watu wanne, na mama mmoja wa makamo aliyekuwa kimya muda wote akaniuliza: mtoto wa darasa la sita amekuja shule na alama za fimbo mgongoni, utafanya nini? Nikajibu haraka, kwa kujiamini kabisa, kwamba nitamwita mzazi tuzungumze. Akanitazama. "Na kama mzazi ndiye aliyempiga?" Nakumbuka bilauri ya maji iliyokuwa mbele yangu, niliishika kwa mikono miwili kama mtu anayeota moto. Kazi sikuipata mwaka ule, na jopo sina la kulilaumu. Kabla ya kumwita yeyote nilipaswa kujua mtoto yuko salama kiasi gani sasa hivi, ameumia vipi, na jioni anarudi kwa nani.

Hilo ndilo swali la kwanza katika kila shauri utakalopewa, liwe la kuandika au la mdomo: je, mtoto huyu yuko salama leo usiku? Ukishalijibu, mengine yanajipanga: kusikiliza na kukusanya taarifa, kufanya tathmini, kupanga huduma pamoja na mtoto na familia, kutekeleza na kutoa rufaa, yaani kumwelekeza kwenye huduma nyingine, kufuatilia, kufunga shauri. Unazijua hatua hizo kwa majina ya chuoni. Tuzitembee kwa shauri la huko kwenu, la mwezi wa pili.

Mvulana wa darasa la sita, miaka 12, hajaonekana shule kwa wiki tatu. Mwalimu mkuu ameandika barua mbili kwa mzazi, hakuna jibu. Majirani wanasema yuko shambani kwenye tumbaku. Wewe ni afisa wa kata, ufanye nini kwanza? Umewekewa manne: kutoa taarifa polisi kwamba mtoto anatumikishwa, kumtembelea nyumbani ukiwa na mwalimu na mwenyekiti wa kitongoji, kuitisha mkutano wa wazazi juu ya umuhimu wa elimu, kumwombea mtoto msaada wa sare na madaftari.

Vijana wengi huchagua polisi, kwa sababu wamesoma sheria na sheria inasikika kali. Wengine huchagua sare, kwa sababu wana huruma. Jibu ni kumtembelea, kwani mpaka sasa ulichonacho ni maneno ya majirani. Na katika matembezi hayo ndimo mtihani wa mdomo unamoingia, maana watakuuliza: ukifika, utatazama nini?

Hapa usijibu kwa maneno ya kitabu. Wewe ni mtu wa Urambo, umeziona familia za tumbaku. Sema utatazama kama mtoto anachuma majani asubuhi yangali na umande, kwa sababu nikotini hupenya kwenye ngozi pamoja na ule unyevu, na mtoto hupata kizunguzungu, kichwa na kutapika. Mzazi atakuambia ni malaria. Utatazama kama analala kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku, kuchochea moto wakati wa kukausha, usiku kucha, katika moshi. Utatazama mikono. Utauliza nani mwingine yupo nyumbani, nani anapika, mama yuko wapi, deni la pembejeo ni la nani, na chama cha msingi cha ushirika kimeshalipa au bado. Utaongea na mtoto pembeni kidogo, mahali mnapoonekana lakini hamsikiki. Na hapo unaweza kugundua kwamba baba hana ukatili wowote: mama amelazwa tangu Januari, majani yameiva yote kwa pamoja, na vibarua wanataka fedha taslimu ambayo haipo. Au utagundua kwamba mtoto si wa pale kabisa, ameletwa kutoka mkoa mwingine kwa ahadi ya kusomeshwa. Hizo ni familia mbili tofauti na mipango miwili tofauti. Ya kwanza inahitaji ndugu, kamati ya kijiji, makubaliano ya kumrudisha shule Jumatatu na mtu wa kuhakikisha. Ya pili ni ya polisi siku ileile, kwa kuwa inaingia kwenye Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008, na mtoto anahitaji pa kulala, kwa mlezi wa kuaminika kama wilaya yako inao.

Sheria sasa inakuja mahali pake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 14, na aliye chini ya 18 haruhusiwi kazi ya hatari. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya 2009, nayo inakataza kazi ya kinyonyaji, yaani inayomnyima mtoto afya, elimu au makuzi. Ukiitaja baada ya kueleza ulichokiona, msahihishaji anaona umeielewa. Ukianza nayo, anaona umekariri.

Shauri la pili ni la aina wanayoipenda sana. Msichana wa darasa la saba anabaki darasani wenzake wakitoka. Anakuambia kuna mtu mzima nyumbani anamfanyia mambo mabaya, la mwisho lilikuwa juzi usiku. Kisha anasema: naomba usimwambie mtu yeyote, mama atafukuzwa. Kwanza?

Usimwahidi siri. Najua umefundishwa usiri mpaka umekuingia kwenye mifupa, lakini usiri una mpaka, na mpaka wake ni mtoto aliye hatarini. Usimhoji kama askari pia. "Ilikuwa saa ngapi, mara ngapi, alivaa nini" si kazi yako, na kila anapolazimishwa kurudia anaumia upya. Mwambie kitu kama hiki, na jizoeze kukisema kwa sauti mpaka kitoke bila kukwama: "Asante kwa kuniambia. Hukukosea. Jambo hili siwezi kukaa nalo peke yangu, kwa sababu nataka uwe salama, lakini kila mtu nitakayemweleza nitakuambia kwanza wewe." Andika maneno yake kama alivyoyasema, kwa lugha yake, pamoja na tarehe na saa. Halafu hesabu saa. Juzi usiku maana yake bado upo ndani ya saa 72 ambazo dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinaweza kuanzishwa, lakini hauko mbali na mwisho wake. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba ina nafasi hadi siku tano, na ikiwahi inafanya kazi vizuri zaidi. Kwa hiyo hospitali inatangulia mambo mengi. Fomu ya PF3 kutoka polisi inahitajika kwa ajili ya kesi, ila matibabu ya dharura hayasubiri karatasi, na sentensi hiyo iandike waziwazi kwenye jibu lako. Unamjulisha Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, mnalishirikisha Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, mnaamua pa kulala mtoto usiku huo, na mnapanga mama yake ataelezwa na nani na lini. Kama kuna kituo cha mkono kwa mkono hospitalini, daktari, polisi na ustawi wanakaa chini ya paa moja, na mtoto anasimulia mara moja. Mwalimu mkuu anaambiwa kinachomhusu tu. Walimu wengine hawaambiwi, hata akiwepo mmoja anayesema ni shangazi yake.

Kwa anayejua tu na si mtaalamu, Sheria ya Mtoto inaweka wajibu pia: mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa anatakiwa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa husika, na halmashauri nayo ina wajibu wa kulinda na kukuza ustawi wa watoto walio katika eneo lake. Kwenye matoleo niliyofanyia kazi hivyo vilikuwa vifungu vya 95 na 94. Sheria zetu zimetolewa upya katika toleo la marejeo, kwa hiyo kabla ya kukariri namba, hakikisha nakala uliyoishika si ya zamani, ya 2012. Namba ya simu ya kumsaidia mtoto ni 116, haina malipo. Inaulizwa, na inashangaza ni wangapi huandika 112.

Shauri la tatu ni mtego wa mkoa wetu. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2010 ulionyesha kwamba Tabora, asilimia 58 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kufika 18. Shinyanga peke yake ndiyo iliyotuzidi, 59. Basi utaambiwa: msichana wa kidato cha pili, miaka 16, wazazi wamepokea mahari, harusi ni baada ya mavuno, na baba anakuonyesha Sheria ya Ndoa ya 1971 inayoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Yuko sahihi?

Huyu ni mwanafunzi, na hapo baba ameshakwama. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya 2016, kifungu cha 60A, inakataza mtu yeyote kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari kwa hali yoyote ile, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Anayesaidia au kushawishi naye ana kosa. Halafu ongeza kwamba Mahakama Kuu mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinakinzana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Jibu likiishia hapo ni jibu la wakili. Wewe ni mtu wa ustawi, kwa hiyo endelea: je, msichana anasemaje? Yuko salama akibaki nyumbani baada ya baba kujua umeingilia? Ng'ombe wa mahari walishaliwa? Nani katika ukoo baba anamsikiliza? Na kama alishaacha shule kwa mimba, Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021 unamrudisha darasani. Ndoto ya huyo binti haikuishia hedimasta alipomfuta jina.

Viboko nitavipitia kidogo kwa kuwa lazima vitajitokeza, na nusu ya watahiniwa husema vimepigwa marufuku Tanzania. Havijapigwa. Vimewekewa mipaka na kanuni za 2002: visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo shuleni, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Mtoto mwenye alama mgongoni na kitabu hakina kitu, umeshapata pa kuanzia. Maoni yangu juu ya viboko ninayo na hayafai kuandikwa hapa. Chumba cha usaili nacho si mahali pa kuyatoa yako.

Nadharia nitaziharakisha, kwani umezisoma na mchujo hauendi kina sana. Hatua za Erikson za makuzi ya binadamu, ukikazia mtoto wa shule ya msingi anayejipima kwa bidii yake na wenzake, na kijana anayejitafuta yeye ni nani. Mifumo ya Bronfenbrenner, yaani maduara ya watu na mambo yanayomzunguka mtoto, ila kila duara liwekee mtu wa Urambo: nyumba na darasa, uhusiano wa mwalimu na mzazi, bei ya tumbaku sokoni ambayo mtoto haijui lakini inamtoa shule, na mila. Kanuni saba za Biestek za 1957, za uhusiano wa mtaalamu na mteja, zishike zote, kwa sababu ni rahisi kuzitungia maswali: kila mteja ni wa pekee, apewe nafasi ya kueleza hisia, mtaalamu adhibiti hisia zake, mteja akubalike alivyo, asihukumiwe, aamue mwenyewe, na siri yake itunzwe. Kisha jiulize ipi inagongana na ipi pale mtoto anapokuambia usimwambie mtu. Ongeza Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, tuliouridhia 1991, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulioanza 2017/18 pamoja na kamati zake kuanzia kijiji hadi taifa. Ukitaka takwimu moja ya kuiweka mfukoni, chukua ya utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa 2009: karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Ile ya wavulana ndiyo watu huisahau.

Kuhusu muda, usisubiri kuitwa ndipo uanze. Wakitoa majina, siku za kujiandaa huwa chache mno. Jipe wiki tano kuanzia leo. Mbili za kwanza soma sheria zenyewe, si muhtasari wa mtu; Sheria ya Mtoto isome yote, mara mbili, jioni duka likipoa. Wiki ya tatu na ya nne achana na kusoma. Chukua daftari ulilonalo la watoto watoro, nina hakika unalo, na kila siku mgeuze mtoto mmoja kuwa swali: badili jina, badili kijiji, andika kisa kwa mistari mitano na majibu manne, yote yawe ya kweli, kisha tetea lipi la kwanza. Hapo ndipo siku zako tatu za kujitolea zinapokufanya uwazidi wenzako waliokaa na kitabu. Anayetunga swali anajua mtego umewekwa wapi. Ukiweza mpate mwenzako mmoja mbadilishane, mnyang'anyane alama. Wiki ya tano jipime kwa saa, maswali hamsini kwa saa moja, simu ikiwa chumba kingine.

Katika kuandika, ukibabaika kati ya majibu mawili, ondoa kwanza lile linalomwacha mtoto hatarini, halafu lile linaloamua bila kumsikiliza, halafu lile linalomtupia mtu mwingine kazi ambayo ni yako. Mara nyingi hubaki moja. Jibu lenye neno "daima" au "kamwe" litilie shaka, isipokuwa linapohusu kumwacha mtoto na anayemdhuru.

Ukivuka mchujo, utaitwa mahojiano. Jizoeze kujibu kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, maana kuna watu wanaojua shauri lote kwa Kiswahili, wakiulizwa kwa Kiingereza wanashindwa kusema "rufaa". Wakikuuliza kwa nini unataka kazi hii, usiseme unawapenda watoto. Kila mtu kwenye benchi lile la nje anawapenda. Wasimulie mtoto mmoja kutoka kwenye daftari lako, bila jina: ulimkutaje, ulikosea nini, sasa yuko wapi. Ndiyo, ulikosea nini. Mtu anayesema hajawahi kukosea kwenye kazi hii bado hajaanza kuifanya, na wasaili wanalijua hilo.

Atakayekuandikia kwamba ana mtihani wenyewe na anataka elfu hamsini, mfute. Kila usaili wanajitokeza, na fedha zikishatumwa namba haipatikani.

Mwisho, karatasi, ambazo zimewatoa watu wengi zaidi kuliko maswali. Fungua leo akaunti yako ya Ajira Portal, ule mfumo wa maombi wa Sekretarieti ya Ajira, uone mkoa wa makazi ulioandika, kwa sababu usaili wa kada nyingi siku hizi hufanyika mikoani, na wapo waliojikuta wanatakiwa Dodoma kwa kuwa waliacha anwani ya chuo. Kama ni Tabora mjini, lala mjini usiku wa kuamkia. Ni kilomita kama tisini tu, lakini basi la alfajiri likipata pancha hakuna wa kukuonea huruma. Beba vyeti halisi: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita kama unacho, na cha shahada. Hati ya matokeo ya muda haipokelewi badala ya cheti. Linganisha majina herufi kwa herufi. Kama cheti kimoja kinasema Mwajuma na kingine Mwajabu, wiki hii nenda kwa wakili akuandalie hati ya kubadili jina, usingoje kuitwa. Na kitambulisho cha taifa kama bado hakijatoka, tumia cha kupigia kura au pita kwa mtendaji akuandikie barua ya utambulisho, yenye picha yako na mhuri uliogusa picha, siyo uliopigwa pembeni.